Wanachama wapewe nafasi ya kumchagua mgombea wao

Bwana Mhariri,

Kila mara vyama vyetu vinapoanza kuzungumzia mgombea wa urais, natamani viongozi wake wayasome matokeo ya mchujo, yaani kura ya kumchagua mgombea wa chama, ambao chama cha Democratic kiliufanya South Carolina, Marekani, tarehe 29 Februari 2020. Joe Biden alikuwa ameshika nafasi ya nne katika mchujo wa jimbo la Iowa na ya tano New Hampshire, na wengi walikwisha kumkatia tamaa. Siku tatu kabla ya kura, mbunge Jim Clyburn, ambaye Wamarekani weusi wa jimbo hilo wanamsikiliza sana, alitangaza kumuunga mkono. Lakini hata neno la mzee huyo lilibidi lipimwe na wapiga kura zaidi ya 500,000. Biden alipata karibu asilimia 49 na Bernie Sanders karibu 20. Tom Steyer, aliyemwaga mamilioni ya dola kwenye matangazo, aliambulia 11 bila kupata hata mmoja wa wajumbe wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama, kwa kuwa kanuni ya chama inadai asilimia 15, naye akajitoa usiku uleule.

Kwetu Kongo mambo huamuliwa kwingine. Novemba 2018 viongozi saba wa upinzani walikutana Geneva wakamteua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja wa urais, na kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa saini zao, kwa sababu wafuasi wao waliukataa uamuzi ambao hawakuulizwa. Upande wa utawala, Emmanuel Ramazani Shadary aliteuliwa na Rais Joseph Kabila. Mwaka 2023 baadhi ya wagombea wa urais walijitoa kumpisha mwenzao Moïse Katumbi wakati picha zao zilikwisha kuingizwa kwenye mashine za kupigia kura. Hapa Lubumbashi, mama mzee aliyekuwa mbele yangu mstarini aliuliza kama kura ya kumpigia mgombea ambaye redio ilisema amejitoa bado inahesabiwa, na hakuna aliyemjibu.

Wapo watakaosema mchujo ni gharama. Sikatai, ila chama kinachopata pesa za kujaza uwanja na kugawa fulana hakiwezi kukosa karatasi na sanduku. Wenye kadi za chama wa Katuba, Ruashi, Kamalondo na Kampemba wapige kura, hesabu ibandikwe mlangoni siku hiyohiyo, na walioshindwa wajitoe kabla jina la mgombea halijapelekwa CENI, tume ya uchaguzi.

Msomaji wenu,
Lubumbashi