Wanafunzi wetu wa Istanbul waelekezwe pia pa kula

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalosahaulika kila mwaka pindi vijana wetu waliopata ufadhili wa serikali ya Uturuki wanapojiandaa kuondoka. Huelezwa kwa kirefu habari za viza, vyeti, makoti ya baridi na mwaka wa kwanza wa kujifunza Kituruki, lakini ikifika zamu ya chakula huambiwa tu wafungashe unga wa sembe, dagaa na viungo vya pilau vya kutosha. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi makubwa, hasa na mama zetu. Hata hivyo, mimi ninayesoma katika mji huu nauona kuwa unamfungia kijana chumbani, na huko chumbani kwenyewe haumfai kitu, kwa kuwa mabweni ya serikali hayaruhusu kupika vyumbani na unga huishia kuharibika kabatini.

Mwanafunzi wa Istanbul hafi njaa. Bwenini hupata kifungua kinywa na chakula cha jioni, na bwalo la chuo humuuzia chakula cha mchana kwa bei nafuu. Tatizo huja siku za mapumziko na saa zile za alasiri ambapo baridi imekaza, mtu hana pa kwenda wala wa kuzungumza naye, na ndipo wengi hukimbilia baga na chipsi za maduka makubwa, au hudakwa na wapiga debe wa migahawa ya watalii kule Sultanahmet na kujikuta wametumia posho ya wiki nzima kwa mlo mmoja wa kawaida. Ninachosema ni kwamba mgeni anayekula mahali wanapokula mafundi, wachuuzi na madereva wa mji huu atashiba kwa fedha kidogo, atajifunza lugha haraka kuliko darasani, na atapata watu wanaomjua kwa sura.

Mahali penyewe huitwa esnaf lokantası, yaani mgahawa wa wenye maduka na mafundi, na hakuna mtaa wa kazi usio nao. Vyakula vya siku hiyo hupangwa kwenye masinia ya moto nyuma ya kioo, hivyo hata asiyejua neno moja la Kituruki ataonyesha kwa kidole na kuhudumiwa. Supu ya adesi nyekundu huja na kipande cha limau, maharage meupe huja na wali uliopikwa kwa siagi, na mkate uliokatwa huwa tayari mezani bila malipo ya ziada. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo na ajue neno moja tu, az, ambalo mhudumu akilisikia hupakua kiasi pungufu kwa bei pungufu. Kwa njia hiyo unaweza kuchukua vyakula viwili tofauti kwa gharama inayokaribia ya sahani moja iliyojaa, na hakuna atakayekutazama vibaya, maana wazee wa mtaani nao huagiza hivyohivyo.

Ninapopapenda kuliko kwingine kote ni mbele ya msikiti wa Süleymaniye, ambao mbunifu Sinan aliujenga kati ya mwaka 1550 na 1557 kwa amri ya Sultani Suleiman. Mkabala na msikiti kuna safu ya vyumba vya mawe ambavyo ni sehemu ya majengo yake ya kale, na humo sasa kuna migahawa inayosifika kwa maharage, mmojawapo ukiwa wa Erzincanlı Ali Baba, ulioanza mwaka 1924. Maharage hayo hupikwa taratibu kwa siagi na nyanya mpaka yanakuwa laini bila kupasuka, kisha huletwa na wali pamoja na achari ya kabichi na pilipili. Kijana aliyelelewa kwa wali na maharage hahitaji kufundishwa namna ya kuyala. Msikiti huo tangu mwanzo ulikuwa na madrasa, na jiko lake la sadaka lililisha wanafunzi, wasafiri na maskini. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anayekaa pale na sahani yake amekaa mahali ambapo wenzake wamekuwa wakila tangu karne ya 16, na mimi kila nikikaa pale jambo hilo hunipa faraja kubwa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi mtaa wa Vefa, kwenye duka la kinywaji kiitwacho boza, lililofunguliwa mwaka 1876. Boza hutengenezwa kwa nafaka ya jamii ya mtama iliyochachuliwa kidogo, na ni nzito kiasi kwamba huliwa kwa kijiko. Mtanzania akionja atasema hii ni togwa, isipokuwa hii hunyunyiziwa mdalasini na kuongezwa dengu za kukaanga zinazonunuliwa duka la ng'ambo ya barabara. Ni kinywaji cha majira ya baridi. Ndani kuna vigae vya kale na kaunta ya marumaru yenye bilauri zilizopangwa safu kwa safu, na ukutani imehifadhiwa bilauri aliyoinywea Atatürk, mwanzilishi wa Jamhuri ya Uturuki, mwaka 1937. Nimewahi kuwapeleka pale wenzangu waliokuwa wamelemewa na upweke wa muhula wa kwanza, na sijaona aliyetoka bila kuomba kurudi.

Upande wa pili wa Bosforasi, ujia wa maji unaotenganisha Ulaya na Asia katikati ya mji huu, uko mtaa wa Kadıköy. Kivuko kutoka Eminönü huchukua takribani dakika 20, na ndani yake huuzwa chai katika bilauri ndogo zenye kiuno pamoja na simit, mkate wa mviringo uliojaa ufuta. Soko la Kadıköy lina samaki, zeituni, jibini na achari za kila namna, na katikati yake kuna Çiya, mgahawa ambao mpishi Musa Dağdeviren aliuanzisha mwaka 1987 na ambao umejipatia sifa kwa kukusanya mapishi ya vijijini yaliyokuwa yakipotea. Si pa kwenda kila siku kwa posho ya mwanafunzi. Mimi huenda mara chache, nikiwa nimejinyima kwanza. Kwa chai ya kukaa muda mrefu na kitabu, Çengelköy ina bustani ya Çınaraltı, chini ya mti wa kale kando kabisa ya maji, ambapo mtu huruhusiwa kuja na kitafunwa chake na kulipia chai pekee.

Kuhusu bei, sitaandika tarakimu kwa sababu zitapitwa kabla gazeti halijasomwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 mfumuko rasmi wa bei nchini humu ulizidi asilimia 85 kwa mwaka, na ingawa umeshuka tangu wakati huo, posho haikimbii kwa kasi ya bei. Ndiyo maana napenda vijana wajue mambo mawili. Kwanza, mwaka huohuo wa 2022 Manispaa ya Jiji la Istanbul ilianza kufungua migahawa yake iitwayo Kent Lokantası, inayouza mlo kamili kwa bei ya chini sana, na foleni zake zimejaa wanafunzi na wastaafu. Pili, ipo desturi ya askıda ekmek, ambapo mnunuzi hulipia mkate wa ziada dukani ili asiye na uwezo aje auchukue. Mwokaji hamuulizi anayeuchukua habari zake. Hakuna aibu kuuchukua siku posho imekwisha, wala hakuna kizuizi cha kulipia wa mwingine siku posho imeingia.

Anayetamani ugali naye asikate tamaa, kwani unga wa mahindi unauzwa hukuhuku. Watu wa pwani ya Bahari Nyeusi huusonga kwa siagi na jibini na kuuita kuymak, na migahawa yao imeenea mjini. Aidha, katika mitaa ya Aksaray na Kumkapı kuna wahamiaji wengi kutoka Afrika waliofungua migahawa, na wanafunzi waliotutangulia wanaijua vizuri.

Kwa sababu hiyo naiomba idara inayosimamia wanafunzi wanaokwenda nje, pamoja na jumuiya zetu za wanafunzi, katika vikao vya kuwaaga wasafiri vya mwaka huu waalike angalau mmoja aliyewahi kuishi katika kila mji, atoe maelezo ya mitaa ya kula kama wanavyotoa maelezo ya benki na bima. Nasi tulioko huku tuko tayari kuwapokea wageni wiki ya kwanza na kuwapeleka Süleymaniye kwa miguu. Wazazi nao, badala ya kilo nyingi za sembe, wawafungashie majani ya mchaichai, ambayo huku ni vigumu kuyapata na hayahitaji jiko bwenini, kwa kuwa maji ya moto yapo.

Mwanafunzi Mtanzania,
Istanbul, Uturuki