Salamu za Krismasi kwa wenzangu wa Boga, na kwa nyote

Wapendwa wangu wa Bukoba, wa Kampala na popote mlipo, Bwana asifiwe.

Imebaki wiki moja tu, na Kampala imeshaanza kumwaga watu. Stendi za mabasi zimefurika tangu alfajiri, nauli zimepanda kama zinavyopanda kila Desemba, na bado watu wanapanda. Wamebeba mikate, mchele, sukari na magauni mapya ya watoto, wanakwenda kijijini. Mimi mwaka huu sivuki mpaka wa Mutukula kuja nyumbani. Mama yangu mzazi nimeshamwomba radhi, na senene alionitumia nimewapokea. Nakula wachache wachache ili wafike hadi siku yenyewe.

Hapa sikukuu hii wanaiita Ssekukkulu. Nilipohamia mara ya kwanza kufundisha Kiswahili, muuza nyanya aliniambia, "Ssekukkulu ennungi, ssebo," nikasimama palepale na nyanya zangu mkononi. Lilikuwa neno letu, sikukuu, limevaa kanzu ya Kiganda. Wamisionari wa kwanza waliofika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877 walikuja kwa njia ya Unguja, wakajua Kiswahili kabla ya kujua Kiganda, na wasomi wao wa mwanzo walianza kufundishwa kwa lugha hiyo. Ndiyo maana Waganda husema ekkanisa, ekitabo, malayika. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka kwamba maneno hayo yalifika kama wageni, yakapewa kigoda, na hayakuondoka tena.

Lakini sikuketi kuandika habari za maneno.

Wengi wenu mnajua kwamba kuanzia 1994 hadi 1996 nilitumika Boga, upande wa pili wa mto Semliki, nchi ilipokuwa bado ikiitwa Zaire. Tulikuwa vijana watano: mimi Mhaya, Mtooro wa Fort Portal, Mluo wa Kisumu, dada mmoja wa Bunia na kijana wa Beni aliyetupigia ngoma. Wenyeji walituita bamisionere. Sisi tulidhani neno hilo ni la Wazungu, kumbe Boga wanalijua tofauti. Aliyewaletea Injili mwaka 1896 alikuwa Mganda, Apolo Kivebulaya. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena. Alifariki Mei 1933 na kaburi lake liko hukohuko. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, maana aliona kazi inaelekea huko. Tulipofika tulipelekwa kwenye kaburi hilo kabla hata ya kuonyeshwa pa kulala. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sijawahi kusimama mahali pengine nikajiona nimetumwa kama nilivyojiona siku ile.

Mama mmoja wa kanisa ndiye aliyetupikia. Bugali wa muhogo na sombe, hicho kisamvu chetu, karibu kila siku. Alituita batoto bangu, na mimi alinicheka kwa upendo kwa sababu Kihaya changu na Kinyoro chake vilielewana kuliko Kiswahili changu na Kiswahili chake.

Mwishoni mwa 1996 vita vilianza mashariki ya Zaire. Viongozi wetu walitwambia tuondoke kabla barabara hazijafungwa. Tulitoka kabla ya mapambazuko, kila mmoja na mfuko mmoja, tukashuka bondeni kuelekea Semliki. Hatukumuaga Mama. Hatukumuaga mtu yeyote.

Baada ya hapo tulitawanyika, na sitawachosha na miaka yote iliyofuata. Ndoa, kazi, misiba. Barua zilikoma, namba zikabadilika. Ituri, mkoa wa Boga, ikaungua kwa vita mara moja, ikaungua tena.

Mwaka huu mwezi wa Agosti simu yangu iliita, na sauti ikasema "Mhaya!" Hakuna anayeniita hivyo siku hizi, shuleni mimi ni Mwalimu. Alikuwa Mtooro. Alikuwa amekwisha kumpata dada wa Bunia, ambaye sasa anaishi Kampala, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, na miaka minne nzima tumekuwa tukinunua kwenye soko moja bila kuonana! Mluo alipatikana wiki iliyofuata. Mwanzoni mwa Desemba tukakutana wanne Fort Portal, nyumbani kwa Mtooro.

Siku ya kwanza tulicheka zaidi ya kuongea. Jioni tukatoa viti nje. Milima ya Rwenzori ilikuwa imejitokeza upande wa magharibi. Boga tulizoea kuitazama kusini, ng'ambo ya bonde, siku mawingu yakifunguka. Tulikaa tukaitazama milima ileile kwa uso wake mwingine, na hapo Mluo akasema polepole, "Mimi sijawahi kujisamehe kwamba hatukumuaga Mama." Nilishtuka, kwa sababu nilidhani mzigo huo ni wangu peke yangu. Dada wa Bunia alianza kulia. Wote wanne tulikuwa tumeubeba, kila mtu kivyake, miaka karibu thelathini.

Mtooro alikuwa amenyamaza. Kisha akasema, "Mama yuko Kyaka."

Boga na Tchabi, jirani yake, zilishambuliwa usiku mmoja mwishoni mwa Mei 2021, watu zaidi ya hamsini wakauawa. Waliosalimika walikimbia, wengine wakavuka mpaka kuingia Uganda. Mama alivuka na wajukuu watatu, akapelekwa makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa, si mbali na barabara iendayo Kampala. Kesho yake tulikwenda, kwanza kwa gari, kisha kwa bodaboda.

Amepewa kipande cha ardhi kama wakimbizi wengine wanavyopewa hapa Uganda. Amepanda mahindi, maharage, na kando ya nyumba mstari wa mihogo kwa ajili ya sombe. Macho yamefifia, lakini alitujua kwa sauti, na kabla hatujakaa alimtuma mjukuu akakope unga kwa jirani. Tulijaribu kumzuia. Alikasirika kweli. Tukala bugali ule, na nawaambia, kila tonge lilinipita kooni kwa shida.

Mluo ndiye aliyeomba msamaha kwa niaba yetu. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akasema, "Usiku ule nilisikia mulango. Nilibakia ndani. Nilijua nikitoka mutalia, na mukilia mutachelewa."

Tangu nirudi nimekuwa nikisoma Mathayo sura ya pili. Wale mamajusi walionywa katika ndoto, "wakaenda zao kwao kwa njia nyingine." Kwa miaka mingi sikuupenda mstari huo. Niliona aibu yangu ndani yake: wageni waliofika kwa furaha, wakafungua hazina zao, kisha wakatoweka. Biblia haisemi kama walimuaga Mariamu. Mwaka huu nimemfikiria yeye zaidi kuliko wao. Nimemwona akiwa macho gizani, anasikia wageni wakifunga mizigo, anawaacha waende. Na muda si mrefu yeye naye anaamshwa usiku, anambeba mtoto, anakimbilia nchi ya watu. Heri ya Krismasi ninayowapa mwaka huu nimeipata hapo, kwenye hadithi ambayo karibu kila mtu anaondoka usiku na hakuna anayesahauliwa.

Maana Mama hakutusahau. Kabla hatujaondoka aliomba, akatutaja kwa mpangilio wa vitanda vyetu vya Boga, kutoka mlangoni hadi dirishani. Alitaja majina matano. Alisema ndivyo anavyoomba tangu asubuhi ile.

Basi heri ya sikukuu kwenu nyote. Mlio njiani, mfike salama. Mlio ugenini kama mimi, pikeni kingi, mtu anaweza kubisha hodi.

Na wewe ndugu yangu wa Beni, mwenye kitanda cha dirishani, hatujakupata. Tumeuliza kwa wachungaji na kwa waliovuka, na bado tunauliza. Salamu hizi nimewapa watu wengi wazipeleke mbele, kwa matumaini kwamba moja itakufikia. Tarehe 27 Desemba tunarudi Kyaka, wote wanne, na mchele, mafuta na madaftari ya wajukuu. Mama ametuagiza tuje na ngoma, akasema mpigaji atakuja.