Lübeck na mabwana zake

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Uliniuliza ilikuwaje Lübeck, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, ukapita zama za kati ukijitawala wenyewe. Kwa kweli mabwana haukuwakosa, ila wafanyabiashara wake walijua kupata haki mpya kwa kila bwana aliyewajia.

Wa kwanza alikuwa Adolf wa Pili, bwana wa Holstein, aliyeuanzisha mwaka 1143 kati ya mito ya Trave na Wakenitz. Biashara ilishamiri hata Heinrich, mtawala wa Saxony aliyeitwa Simba, akaona soko lake la Bardowick linadhoofika. Alidai sehemu ya mji, Adolf akakataa, naye akalipiga marufuku soko la Lübeck. Mwaka 1157 mji uliungua. Heinrich aliwajengea wafanyabiashara mji mwingine karibu na hapo, lakini maji yalikuwa machache mno kwa meli kubwa, na hatimaye Adolf akamwachia eneo la awali, ambako Lübeck ilijengwa upya mwaka 1159.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha mwaka 1181. Kaizari Friedrich Barbarossa, aliyekwisha kumnyang'anya Heinrich utawala wa Saxony, aliuzingira mji kwa majeshi. Wenyeji walimtuma askofu wao aombe ruhusa ya kupeleka wajumbe kwa Heinrich kwanza, kwa kuwa yeye ndiye waliyemwapia utii, na Kaizari, ingawa angeweza kuuvunja mji, alikubali. Heinrich aliporidhia, wakafungua malango. Naona hapo uaminifu na busara vilikwenda pamoja, maana Kaizari aliwaachia haki walizopewa na Heinrich.

Kuanzia mwaka 1201 walitawaliwa na Denmark, hadi mfalme Waldemar wa Pili alipotekwa mwaka 1223 na nguvu zake zikalegea. Mwaka 1226 wajumbe wa Lübeck walimwendea Kaizari Friedrich wa Pili wakiwa na hati ya Barbarossa ya mwaka 1188, ambayo walikuwa wameiandika upya na kuiongezea haki zisizokuwamo. Aliithibitisha, na Juni ya mwaka huohuo akatoa hati nyingine iliyouweka mji chini ya Kaizari peke yake. Kwa kuwa Kaizari huyo aliishi zaidi Italia, mamlaka halisi yalibaki kwa baraza la mji, na ushindi wa Bornhöved wa mwaka 1227 dhidi ya Waldemar ukaulinda uhuru huo.

Hata hivyo, baraza lilikuwa la wafanyabiashara wakubwa, na mafundi hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1384 wachinjaji na wenzao walipanga kulipindua. Njama ikafichuka, na viongozi wao wakauawa. Nawahesabu wachinjaji hao kuwa sehemu ya historia ya uhuru wa Lübeck, sawa na wale waliopeleka hati kwa Kaizari.

Wasalaam,
Rafiki yako Mwanaisha