Barua kwa Mpwa Wangu: Nafasi 260,000 za Geneva

Mpwa wangu mpendwa,

Katika rasimu ya tasnifu uliyonitumia umeandika kwamba mkutano wa Geneva wa Julai 1979, kuhusu wakimbizi wa Kusini-Mashariki mwa Asia, hasa Wavietnamu waliokimbia kwa mashua, unathibitisha kuwa serikali zikiingiwa na huruma huweza kuwapokea wakimbizi wengi kwa muda mfupi. Huruma ilikuwepo, sikatai, hata Makamu wa Rais wa Marekani, Walter Mondale, aliwakumbusha wajumbe aibu ya mkutano wa Évian wa mwaka 1938, Wayahudi walipofungiwa milango. Lakini yale yalikuwa mapatano, na nafasi za makazi mapya, yaani za wakimbizi kuhamia nchi nyingine kwa kudumu, ndizo zilizokuwa bei.

Anza na meli ya Hai Hong. Novemba 1978 ilitia nanga karibu na Port Klang ikiwa na Wavietnamu wapatao 2,500, na Malaysia ikakataa kuwashusha hadi nchi nyingine zikubali kuwachukua. Wakati huo kisiwa cha Pulau Bidong nchini Malaysia, chenye ukubwa wa kilomita ya mraba moja hivi, kilikuwa kikijaa. Kufikia katikati ya 1979 watu wapatao 40,000 walikuwa wamebanana humo, wengi katika vibanda vya mbao na turubai. Juni mwaka huo nchi tano za ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, zikatangaza kwamba hazitapokea mtu mwingine, na mashua zikawa zinakokotwa kurudishwa baharini. Sisifu hata kidogo kitendo hicho, ila ndicho kilichowaleta wakubwa mezani.

Serikali 65 zilipokutana, ahadi za nafasi zilipanda kutoka 125,000 hadi 260,000. Marekani ilikuwa imekwisha kuongeza idadi yake maradufu, kutoka watu 7,000 hadi 14,000 kwa mwezi. Nchi za ASEAN nazo zikaendelea kutoa hifadhi ya muda, huku Indonesia na Ufilipino zikitoa maeneo ya Galang na Bataan kwa wanaosubiri kusafirishwa.

Umelipita haraka mno sharti la tatu la mapatano, baada ya nafasi na hifadhi ya muda: Vietnam iliahidi kuzuia watu wasiondoke kwa siri. Ndiyo kusema hesabu ile ilitimia kwa sehemu kwa kuwa mlango wa nyuma ulifungwa, ilhali Azimio la Haki za Binadamu linampa kila mtu haki ya kutoka nchini mwake. Kulikuwa na utaratibu wa kuondoka kwa ndege na hati kamili, uliokubaliwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mwezi Mei, lakini mtu aliyeandamwa na serikali angeiombaje serikali hiyohiyo ruhusa ya kuondoka?

Mashua zilipoongezeka tena mwishoni mwa miaka ya 1980, mapatano ya pili ya Geneva, ya Juni 1989, yaliweka tarehe ya ukomo. Aliyefika Malaysia kabla ya Machi 14 mwaka huo alipelekwa nchi ya tatu bila kuhojiwa kama ni mkimbizi kweli. Aliyefika baadaye alihojiwa, na akishindwa, alitakiwa arudi Vietnam. Sura yako ya pili inaishia 1979. Ifikishe hapo, kisha unitumie tena.

Mjomba wako