Mwanangu, badilisha pampu ya maji ya DX

Kwako mwanangu,

Assalaam alaykum. Mamako ameniambia ile Toyota DX sasa inakunywa maji, na kwamba kila asubuhi unaijazia mtungi wa maji ya kisima kabla ya kwenda Likoni. Nakuomba usiendelee hivyo hata wiki moja.

Huenda inavuja pampu ya maji, ile inayozungusha maji ya kupoza injini. Chungulia chini ya mhimili wake, nyuma ya feni. Kuna kitundu kidogo pale. Kimewekwa makusudi: sili ya ndani, ile inayozuia maji, ikichoka, maji yatokee hapo yasiingie kwenye beringi. Ukiona alama ya kutu au ukoga mkavu umeshuka kutoka kitunduni, pampu imeshakwambia. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika panga za feni uzitikise mbele na nyuma. Zikicheza, beringi nayo imekwisha. Usingoje ikufie kwenye foleni ya feri saa nane mchana. Injini ikichemka hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, hupinda, gasketi yake huungua, na bei ya pampu inageuka bei ya injini.

Maji ya kisima chetu unayajua, sabuni haitoi povu. Chumvi ile ile inakula chuma ndani ya injini. Ukiifungua pampu ya zamani utazame panga zake za ndani, nadhani utazikuta zimelika kingo.

Kazi hii unaiweza mwenyewe hapo uani. Nunua pampu, gasketi yake na mkanda mpya wa feni, na uende dukani na namba ya injini. Kabla hujalipa, izungushe pampu kwa mkono: iende laini, isikwaruze.

Gari ipoe kabisa ndipo ufungue kifuniko cha rejeta, kwani mvuke wa humo unaunguza uso. Chomoa waya hasi wa betri. Mwaga maji kwenye karai, na karai hilo usiliache wazi. Ikiwa humo mna kulanti, ile dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, ina utamu, paka wa mtaa watairamba, na kidogo tu huwaua figo. Kisha legeza altaneta, ile ya kuchaji betri, utoe mkanda, feni, na mpira wa rejeta unaoingia kwenye pampu. Ukibanwa na nafasi, itoe rejeta yenyewe; hutajuta.

Bolti ndizo za kuogopa. Hewa yetu ya bahari inazishika kwa kutu, na ukitumia nguvu zitakatikia ndani. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku, uziache zilale nayo. Asubuhi gonga kichwa cha kila bolti polepole, kisha ifungue nusu mzunguko, irudishe kidogo, ifungue tena. Hazilingani urefu, kwa hivyo chora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake.

Pampu ikishatoka, hapo ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Gasketi ya zamani hubaki imeganda kwenye injini. Ziba tundu la maji kwa kitambaa ili uchafu usiingie, kisha ikwangue yote bila kukwaruza chuma. Pitisha kidole ukiwa umefumba macho. Ukihisi kijinundu hata kidogo kama punje ya mchanga, rudia. Pakavu, pasafi, pasiwe na mafuta. Hapa tumia saa nzima ikibidi, maana pampu mpya ikikaa juu ya uchafu itavuja tu, na utalaumu pampu.

Silikoni ya kuziba utakayopaka kwenye gasketi mpya iwe nyembamba. Kaza bolti kwa kupokezana, hii kidogo na ya upande wa pili kidogo, mpaka zote zishike. Mkanda ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ushuke kama sentimita 1. Ukiukaza mno utaua beringi mpya.

Jaza kulanti nusu na maji yaliyosafishwa ya dukani nusu. Kulanti si ya nchi za baridi peke yake: inazuia kutu, na mchanganyiko huo huchemka kwenye nyuzi 106 hivi badala ya 100. Fungua hita mpaka mwisho, ingawa Mombasa hakuna anayeiwasha, ili hewa itoke huko pia. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, uongeze taratibu mpaka mapovu yaishe na mpira wa juu wa rejeta upate moto. Fundi akikwambia tupa thamostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, kwa sababu ya joto letu, kataa. Injini inataka joto lake, lisizidi wala lisipungue.

Ukimaliza, ipeleke hadi Mazeras, ule mwinuko wa njiani utakuonyesha kama sindano ya joto inatulia. Ikipoa, tazama tena kitundu na ukingo wa gasketi, uongeze kulanti kama imeshuka. Halafu nitumie picha ya pampu ya zamani, upande wa panga, nataka kuiona.

Msalimie mamako na wadogo zako.

Babako