Safari ya Disch-Falk Jumamosi: muda umebadilika

Habari za jioni, ndugu zangu. Safari yetu ya kwenda kuona besiboli ya Chuo Kikuu cha Texas iko palepale, ila tunatangulia kidogo.

1. Tukutane Jumamosi saa sita na nusu mchana, lango kuu la uwanja wa Disch-Falk, hapa Austin. Mechi ni saa nane.
2. Mchango: mkubwa dola 20, mtoto dola 10. Umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.
3. Mikoba iwe ile inayoonyesha vilivyomo ndani. Kofia msisahau, jua ni kali.

Tunawahi kwa sababu nataka watoto waisikie historia kabla ya kelele. Uwanja ulifunguliwa 1975, na mwaka huohuo Texas wakatwaa ubingwa wa vyuo. Umepewa majina ya makocha wawili, Billy Disch na Bibb Falk. Falk ndiye aliyeleta ubingwa wa 1949 na 1950. Wakati huo walichezea Clark Field, na huko, jamani, nyuma katikati palikuwa na mwamba wa chokaa ulioinuka kama ukuta, ndani ya uwanja! Mpira ukitua juu, mchezaji anaukwea kwa kijinjia chembamba kuufuata, huku mpigaji anakimbia kuzunguka vituo vya uwanjani apate pointi. Mimi hapo ndipo ninapoipenda besiboli.

Wazee wawili wanahitaji usafiri. Nani ana nafasi kwenye gari?

Tafadhali andika NAKUJA na idadi ya watu wako kabla ya kesho saa mbili usiku, nikanunue tiketi.