Msichana akisema hapana, VJ asitafsiri "anaringa"

Mhariri,

Nakaanga chapati nje ya kibanda cha video hapa Walukuba, Jinja. Kuta za kibanda ni mabati, kwa hiyo filamu siioni, naisikia. Na kwa kuwa nilifundisha Kiingereza shule ya msingi miaka 22 kabla ya kuacha chaki, nasikia filamu mbili kwa wakati mmoja: ya waigizaji wenyewe, na ya VJ anayetafsiri juu ya sauti zao kwa Kiganda.

Nawaheshimu ma-VJ. Wamewafungulia sinema watu ambao hawakupata kusoma. Wanampa steringi sauti, utani, hata jina la mtaani kwetu. Lakini kuna neno moja wanaloliharibu, na limefika mpaka nyumbani kwangu.

Jumamosi moja steringi alikuwa anamfuata msichana kwenye mvua. Msichana akasema kwa Kiingereza, wazi kabisa: hapana, sikutaki, niache. VJ akatafsiri: "Anaringa tu huyo! Kaza buti, kijana!" Kibanda kizima kikapiga makofi. Mwisho wa filamu, bila shaka, wakaoana.

Binti yangu ana miaka 19, anajifunza ushonaji. Kijana mmoja wa boda boda alimwambia anampenda, naye akamjibu hapana, kwa adabu. Kwa wiki sita kijana yule akawa anaegesha pikipiki mbele ya lango letu kila jioni. Binti yangu akaanza kupita nyuma, kwenye mtaro wa maji machafu, viatu mkononi. Nilipotoka kumwuliza kijana, hakunijibu kwa jeuri hata kidogo. "Mama, mimi nasubiri tu. Huwa wanakubali mwishoni." Nikamwuliza, kina nani hao? Akanyoosha kidole upande wa kibanda.

Jirani yangu anasema hadithi za mapenzi ndivyo zilivyo tangu zamani, mwanamume lazima ang'ang'anie. Sikubali. Yuko Darcy wa mwandishi Jane Austen, katika Pride and Prejudice, kitabu cha mwaka 1813 ambacho Waingereza hawajachoka kukitengenezea filamu. Darcy ni tajiri na ana kiburi. Anamposa Elizabeth, anakataliwa kwa maneno makali. Kesho yake anampa barua ya kujibu tuhuma alizomtupia, kisha anaondoka. Hasimami langoni. Miezi inapita, na hata anapomsaidia mdogo wake Elizabeth aliyetoroka na mwanamume, anataka Elizabeth asijue. Anapokuja kusema tena, anaanza hivi: kama moyo wako ungali vile ulivyokuwa Aprili, niambie sasa hivi, neno lako moja litaninyamazisha milele. Nimesoma ukurasa huo mara nyingi na bado unanitoa machozi. Huyo ndiye steringi.

Wengine watanitajia Heathcliff wa Emily Brontë, wa kitabu Wuthering Heights cha mwaka 1847, kwamba naye ni mpenzi wa kupigiwa mfano. Wasome tena. Usiku aliotoroka na Isabella alimtundika mbwa wa Isabella kwa leso, na baadaye yeye mwenyewe anamdharau mkewe kwa kumdhania shujaa wa mapenzi. Mwandishi hakuficha kitu.

Nilimfuata VJ wetu, yule anayetafsiri papo hapo siku za Jumamosi. Alinisikiliza vizuri. Akasema: "Mama, watu wamelipa, hawataki steringi anayekataliwa." Nikamwambia, wape basi uchungu wa kukataliwa. Kijana amelowa mvua, amesikia hapana, anageuka kurudi kwao peke yake: hapo ndipo sauti ya VJ hodari inapohitajika. Mpe maneno ya kwenda nayo nyumbani. Vijana wetu hawajawahi kuyasikia.

Alisema atafikiria. Kijana wa boda boda hayuko tena langoni, maana baba yake nilimfahamu na tukazungumza. Lakini kibanda kinajaa kila jioni, na mimi nipo hapo nje kuanzia saa kumi na mbili. VJ akikwama kwenye Kiingereza cha msichana, agonge bati aniite.

Mwalimu mstaafu,
Walukuba, Jinja